Kabla ya kutia sumu shimoni, tujue kwanza ni shimo la nani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme jambo linalonikera kila msimu wa mvua ya mwaka, yaani masika. Huku kwetu Likoni, kuanzia Mtongwe hadi Timbwani, karibu kila nyumba yenye kiraka cha ardhi uani hupanda mboga: mchicha, kunde, mnavu, sukuma wiki, bamia. Na karibu kila aliyepanda amewahi kuamka akakuta mashimo kwenye matuta. Akishayaona, hachutami kuyatazama. Anakwenda feri, ananunua kipakiti cha dawa kwa kijana mwenye spika, anarudi nyumbani, kila shimo anatia kijiko, anafukia, basi.

Mimi ni mkulima wa mboga, mzaliwa wa Mtongwe, na mchicha ninaouza nimeupanda kwa mikono yangu. Ninachotaka kusema ni kwamba mashimo si mamoja, wenye mashimo si wamoja, na sumu inayomwagwa bila kujua mwenye shimo huishia kwa asiyehusika. Msimu huu jirani yangu amepoteza kuku kwa njia hiyo, matetea aliowategemea kwa mayai. Walipekua pale alipofukia chembechembe, wakadonoa, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamelala chini ya mwembe. Mjukuu wake, ambaye bado hajajua kuongea, hucheza chini ya mwembe huo huo.

Konde langu limeinamia hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Juu, karibu na nyumba, ni mchanga mwepesi. Chini, linapokaribia mikoko, udongo hugeuka mweusi na kunata. Kwa hiyo ninao wachimbaji wa aina zote, wa mchangani na wa matopeni, na imenibidi niwajue mmoja mmoja.

Cha kwanza ninachotazama ni udongo uliotolewa, ndipo nitazame shimo lenyewe. Panya husukuma udongo nyuma yake ukatapakaa upande mmoja wa mlango, na mlango wenyewe huwa laini kwa kupitwapitwa. Vidole vitatu vya mtu mzima huenea pale mdomoni, au vinne. Ukichunguza utaona kijinjia, majani yamelazwa, kinatoka shimoni kwenda ukutani au kwenye rundo la makumbi. Tena hana mlango mmoja. Ana wa pili, pengine wa tatu, ameuficha kwenye majani uwe wa kukimbilia. Fuko yeye hakuachii shimo wazi. Anakuachia kichuguu cha udongo laini, na ukikifukua utakuta ameziba kwa ndani. Ukivuta muhogo ukaja shina tupu, au ukiona kunde zimenyauka kwa mstari huku udongo una maji ya kutosha, basi huyo ni fuko yuko chini anakula mizizi, na kijiko cha sumu ulichotia kwenye shimo la panya hakimhusu hata kidogo.

Baada ya hapo natafuta kujua kama shimo lina mwenyewe. Jioni naziba kila shimo kwa udongo mwepesi bila kushindilia, na asubuhi naangalia ni lipi limefunguliwa. Mengi hubaki vile vile, ni mahame. Yaani watu wanapoteza pesa zao kutia sumu kwenye mahame. Lile lililofunguliwa, jioni inayofuata nalizungushia jivu la jikoni nililolichekecha, jembamba. Panya akitoka huacha nyayo, miguu ya mbele vidole vinne na ya nyuma vitano, na mara nyingine mstari wa mkia katikati. Kaa huacha vitone vilivyochomwachomwa kwenye jivu, vikienda upande upande. Nyayo za paka na kuku hazina haja ya kuelezwa. Jivu likikosa alama ya mguu na shimo liko wazi, huenda mwenyewe ni mdudu, na hapo nachukua tochi.

Kwa kaa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye madhara makubwa kuliko tunavyodhani.

Kule chini ya konde kulikuwa na mashimo makubwa, mengine ya kuingia ngumi, ya mviringo, yanashuka kwa mshazari. Mdomoni palikuwa na madonge ya tope bichi hata siku za jua kali, wakati udongo wa juu umekauka na kupasuka. Tope bichi siku ya jua lina maana moja tu, kwamba aliyelitoa amefika kwenye maji. Kwenye shimo moja palikuwa na jani la sukuma wiki limeingizwa nusu, nusu nyingine imelala nje, na ukingo wake umechanwa. Panya hutafuna, ukiangalia kwa karibu utaona alama za meno mawili mawili. Jani hili halikuwa na jino hata moja. Usiku nikashuka na tochi niliyoifunika kitambaa chekundu ili mwangaza usimshtue. Nilimkuta ameketi mlangoni, kaa mpana wa nchi kavu, gando moja kubwa kuliko jingine. Kwa lile dogo alikuwa ameshika shina la mchicha, analimega kidogo kidogo na kulipeleka kinywani, taratibu kabisa. Niliponyanyua mguu tu, akatumbukia.

Kaa huyu si yule wa mtoni tunayempika kwa nazi. Makao yake ni ukingo wa juu wa mikoko, mahali ambapo maji ya bamvua tu, yale yanayojaa kupita siku nyingine, ndiyo hufika. Anavuta pumzi kwa matamvua yanayotaka unyevu, ndiyo sababu huchimba mpaka akute maji. Chakula chake ni majani, hasa ya mikoko yaliyoanguka, ambayo huyaburura hadi shimoni. Sisi tumelima tukafika mlangoni pake, tumepanda mboga laini, naye anakula kilicho karibu.

Sasa fikiria, Mhariri, mtu anachukua sumu ya unga au ya chembechembe anaimimina kwenye shimo hilo. Shimo limefika kwenye maji. Maji hayo ndiyo hayo ya visima vyetu. Likoni wengi tunateka visimani, hasa mifereji inapokauka, na ardhi tunayoikalia ni mchanga juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu tele, hauchuji kitu wala hauzuii kitu. Kisima tunachochangia mimi na majirani zangu kiko hatua chache kutoka kwenye mashimo ya kaa. Anayemwaga sumu mle ameimwaga kwenye ndoo ya mtu. Inayobaki inakwenda horini maji yanapokupwa, kwa kamba na samaki wachanga wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko, ambao vijana wetu wanawategemea wakikua. Haya hayahitaji kusoma chuo. Yanahitaji kutazama shimo kabla ya kulifukia.

Kaa nimemwekea bati. Nilitafuta vipande vya mabati laini yasiyo na mikunjo, nikayasimamisha upande wa chini wa konde, yakafika karibu na goti, na shubiri moja imefukiwa ardhini. Hawezi kupanda kitu laini. Kitalu cha miche nimekihamishia juu, kwenye mchanga. Na ile mikoko iliyo mbele ya konde siikati wala simruhusu mtu kuikata kuni, kwa sababu majani yake yakiwepo chini, kaa ana chakula chake na hana haja ya changu.

Wadudu ni hadithi nyingine, na hapa ndipo watu hukosea kwa wingi, maana miche ikikatwa lawama zote humwendea panya. Ukikuta mche umekatwa usawa wa ardhi na umelala hapo hapo, chokoa udongo kwa kidole kuzunguka shina, usizidi kina cha kidole chenyewe. Utamkuta kiwavi aitwaye sota amejikunja, rangi ya udongo, amelala baada ya kazi ya usiku. Mwokote umpe kuku. Ukikuta mche umekatwa na haupo, na pembeni kuna kichungu kidogo cha mchanga mkavu bila mlango unaoonekana, huyo ni nyenje mkubwa. Huburura mche hadi ndani, kisha mchana huziba mlango wake. Na ukiona udongo uliomwagiwa maji umeinuliwa kama mishipa, njia ndogo ndogo zinakwenda huku na huku juu juu, na mizizi ya miche imebaki hewani, basi ni chenene. Kwa chenene nina jaribio ambalo halijanivunja moyo: maji ya sabuni. Sabuni ya kufulia kidogo kwenye ndoo, unamimina polepole juu ya zile njia, unangoja. Baada ya muda mfupi anatoka mwenyewe, na utaona miguu yake ya mbele ilivyo mipana na yenye meno ya kuchimbia. Wakitoka wengi, lipumzishe tuta hilo, lifukue, kuku wapite. Usiku utawasikia pia. Dume huimbia shimoni.

Kuna mashimo ambayo sitaki yaguswe. Vitundu vyembamba vyenye vidonge vya udongo juu yake baada ya mvua ni vya nyungunyungu, na konde lisilo nao ni konde lililochoka. Vishimo vifupi vilivyochokorwa hapa na pale, havina kina, ni vya nguchiro aliyepita alfajiri akitafuta mabuu na majongoo. Amekufanyia palizi ya bure. Bibi yangu hakuruhusu nguchiro apigwe mawe uani mwake, ingawa vifaranga alivifungia vizuri.

Lakini lipo shimo moja ambalo watu hawalijali, nami nasema lijaliwe. Chungulia rundo lako la samadi, au gogo la mnazi linalooza pembeni. Ukiona matundu ya mviringo ya kuingia kidole gumba, fukua. Utakuta mabuu meupe, manene, yamejikunja, yenye kichwa cha kahawia. Hao ni watoto wa chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa vichwa vya minazi. Mabuu hayo hayakudhuru mboga sana, ila ukiyaacha unamlelea mwenye minazi jirani yako balaa. Geuza samadi mara kwa mara, yaokote, na magogo yaliyooza yachomwe au yaondolewe. Pwani hii imepoteza minazi ya kutosha.

Nisieleweke kwamba namtetea panya. Panya ni adui, na mji wenye bandari hauwezi kumkosa. Anakula mbegu, anakula maboga, na mkojo wake ni ugonjwa. Mwaka 2022 wenzetu wa Lindi, Tanzania, waliugua homa ya mgunda, watu watatu wakafa. Ni maradhi ya bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya akiwa wa mbele, na huingia mwilini kupitia mchubuko au maji yaliyochafuka. Kwa hiyo ukiwa unafukua mashimo yake vaa viatu vya mpira, na mkono wenye jeraha usiutie udongoni. Tena usiingize mkono shimoni kamwe, hata kama liko wazi mbele yako. Nyoka wengi hawachimbi, huhamia kwenye shimo la panya, na moma hana haja ya kutoka mbio akikusikia.

Panya nampunguza kwa kumnyima makazi. Rundo la makumbi na vifuu nimeliondoa ukutani, mabaki ya chakula hayalali nje, matuta ya viazi hayafiki kwenye ua wa makuti. Mtego nauweka kando ya ukuta, pale penye kijinjia, kwa sababu panya hupenda kupita ubavu wake ukigusa kitu. Nautegea kipande cha nazi kilichochomwa. Paka yupo, na bundi yupo, kwenye mnazi uliokatika kichwa nyuma ya nyumba ya ami. Huyu bundi nimemgombea mara nyingi na watoto wa mtaani wenye manati, na hata na wazazi wao wanaosema ametumwa kuleta msiba. Kinachoanguka chini ya mnazi ule kila siku ni vidonge vya manyoya na mifupa ya panya. Chukua kijiti, kifumue kimoja, utaona fuvu zima.

Sasa nirudi kwenye kipakiti. Nilimwendea yule kijana nikamwuliza kwa upole, “Mwanangu, hii ni dawa ya nini?” Akanijibu, “Mama, hii ni ya shimo. Shimo lolote.” Kipakiti chenyewe ni karatasi ya plastiki iliyofungwa kwa moto wa mshumaa. Hakina jina la dawa, hakina jina la aliyeitengeneza, hakina maelezo ya nini kifanyike mtoto akiimeza. Ndani mna chembechembe za zambarau iliyokolea. Nchi hii ina historia na chembechembe za namna hiyo. Kabofurani, ambayo ni sumu ya wadudu wa udongoni, ilitiwa na watu kwenye mizoga, ikaua simba na tai, mpaka mwaka 2009 mtengenezaji akatangaza kuiondoa katika soko la Kenya. Chembe moja humtosha ndege mdogo. Kijiko je?

Sheria tunayo. Sura ya 346 ya sheria zetu inakataza kuuza dawa ya kuua wadudu na panya ambayo haikusajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, au isiyo na lebo inayotakiwa. Kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kusoma jina, namba ya usajili na maelezo ya hatari kabla hajatoa shilingi yake. Kipakiti kisicho na hayo kiacheni mkononi mwa mwenyewe. Simlaumu kijana peke yake. Naye anatafuta riziki na kuna aliyempa mzigo ule kwa jumla. Huyo wa jumla ndiye ningetaka atafutwe.

Hata dawa ya panya ya halali, ile ya dukani inayozuia damu kuganda, ina adabu yake. Panya hafi papo hapo. Hukaa siku kadhaa, hutembea mchana amelegea, na paka au bundi humwona ni kitoweo rahisi, sumu ikahamia kwao. Anayelazimika kuitumia aiweke ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu, kiwe mbali na kuku na watoto, na kila asubuhi aokote mizoga na kuizika chini sana. Kuimwaga shimoni na kufukia ni kuipoteza hiyo dawa na kujitafutia mengine.

Mhariri, vuli haiko mbali, na watu watapanda tena. Naomba gazeti lako litenge ukurasa, hata mmoja, lichapishe picha za mashimo haya na alama za wenyewe, tupate kuubandika ukutani penye visima na kwenye vibanda vya mboga. Wengi wetu hatuna simu nzuri, lakini gazeti linasomwa kwa zamu mpaka linachanika. Mkiamua kumtuma mpiga picha, karibuni Mtongwe. Aje siku za bamvua, usiku, avae viatu vya mpira, na tochi yake aifunike kitambaa chekundu. Jivu la kuzungushia mashimo ninalo.

Ni mimi,
Mama mkulima wa mboga,
Mtongwe, Likoni, Mombasa